Kushuka Pwani kutoka Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Visiwa Vidogo, Maji na Safari za Boti

Ukurasa huu ni wa wanaotoka Arusha, Moshi na vitongoji vyake kwenda Tanga, Pangani, Pemba au Mafia, wakiwa na nia ya kuvuka hadi kisiwa kidogo kwa boti, mashua au ngalawa. Ukisoma majibu utaona mengi yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni saa ya maji. Umbali wa kisiwa unauona kwenye ramani. Kama utafika, utakanyaga nini ukifika, na utarudi vipi, hayo huamuliwa na kujaa na kupwa, yaani kupanda na kushuka kwa maji ya bahari.

Sisi tumezoea maziwa. Kujaa na kupwa kwa maji ni jambo kubwa kiasi gani?

Ziwa Duluti ukiliacha asubuhi, jioni unalikuta pale pale. Bahari haiko hivyo. Pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa ya maji husogea mbele kwa dakika kama 50. Ratiba iliyofaa Jumamosi haifai Jumatano.

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina kati ya maji makavu na maji yaliyojaa hufika mita 3 hadi 4. Hicho ni kimo cha kuta za nyumba ya kawaida, kuanzia sakafuni hadi darini na zaidi. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, tofauti hushuka hadi kama mita 1. Palipo na ufuko ulio bapa, bamvua inapokupwa bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na boti uliyoiacha ikielea asubuhi unaikuta imelala ubavu juu ya mchanga.

Nitajuaje kama ni bamvua bila kuwa na jedwali?

Tazama mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa sababu wakati huo jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja. Maji mafu huja siku moja au mbili baada ya nusu mwezi. Wavuvi huhesabu kwa tarehe za mwezi mwandamo na mara chache hukosea.

Kwa anayepanga safari za sikukuu, hesabu hii inasaidia sana. Idd el Fitr ni tarehe 1 Shawwal, hivyo siku zote huangukia bamvua. Idd el Hajj ni tarehe 10 Dhul-Hijja, siku chache baada ya nusu mwezi, hivyo maji huwa yanatoka kwenye maji mafu. Pasaka huja ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu. Mpevu ukiwa Alhamisi au Ijumaa Kuu, Jumapili ya Pasaka ni bamvua kamili. Ukiwa mwanzoni mwa wiki hiyo, maji yameshaanza kufa. Bamvua kubwa kuliko zote hutokea karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana zinapolingana.

Kuna jambo jingine la kukariri. Katika pwani ya Tanga, Pangani na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo maji yamejaa, jioni yamekupwa. Ukijua mwezi, umeshajua saa kwa makadirio.

Jedwali la maji linasomwaje?

Kosa linalowapata wengi ni la saa. Majedwali huandikwa kwa saa 24 za kimataifa. Ukiona 10:15 usiisome saa kumi na robo. Hiyo ni saa 4:15 asubuhi. Na 16:20 ni saa 10:20 jioni. Kuna vikundi vilivyofika ufukweni saa kumi jioni kutafuta fungu la mchanga lililokuwa wazi saa nne asubuhi. Andika pembeni saa za Kiswahili kabla hujamtumia mwenzako.

Kina kwenye jedwali huhesabiwa kutoka kiwango cha sifuri, ambacho ni karibu na chini kabisa maji yanapoweza kushuka. Kiwango hicho hicho ndicho hutumika kwenye chati nyingi za bahari. Kwa hiyo unajumlisha: chati ikionyesha mita 0.8 na jedwali likisema 1.5 kwa saa hiyo, hapo pana maji ya mita 2.3. Namba iliyopigiwa mstari chini ina maana nyingine kabisa. Ni mwamba unaochomoza maji yakiwa sifuri. Ukiandikwa 1.2 na mstari chini, maji ya jedwali yakiwa 2.0 juu yake yako mita 0.8 tu, na hapo boti ya injini haipiti kwa usalama.

Jedwali hutoa saa ya kujaa na saa ya kupwa tu. Ya katikati unayapata kwa hesabu ya kumi na mbili. Gawa tofauti ya kina kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua mfano: maji yamekupwa saa 4:10 kwa mita 0.4, yatajaa kama saa 10:20 kwa mita 3.8. Tofauti ni 3.4. Saa 5:10 yatakuwa kama 0.7, saa 6:10 kama 1.25, saa 7:10 yamefika 2.1, saa 8:10 yako karibu 2.95, saa 9:10 kama 3.5. Angalia saa ya tatu na ya nne: kila moja inaongeza sentimita 85. Aliyekaa juu ya fungu akisema "bado maji yako mbali" saa 6:10, saa 8:10 yuko ndani ya maji ya kifuani. Mkondo nao huwa mkali zaidi katika saa hizo mbili.

Kwa nini nahodha wa Pangani anataka tuondoke alfajiri kwenda Maziwe? Si kilomita 8 tu?

Kwa sababu Maziwe ni fungu la mchanga, na bamvua ikijaa hulifunika lote. Zamani palikuwa na miti ya mivinje. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na mchanga umebaki peke yake ukihama. Kasa bado hupanda kutaga, na mayai huhamishiwa ufukweni bara, maana yakiachwa pale maji ya chumvi huyaharibu.

Tuseme maji yanakupwa saa 4:30 asubuhi. Ukiondoka Pangani saa 12 alfajiri, mto bado una kina cha kutosha kwenye mdomo wake na maji yanayotoka yanakusukuma. Mwendo ni dakika 45 hadi saa moja, kulingana na chombo. Unalikuta fungu limeshatokeza, unaogelea maji yakiwa yametulia kwenye kina cha mwisho cha kupwa, na kabla ya saa 7 mchana mko chomboni. Mnarudi na maji yanayojaa, na kama ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, unawasukuma kutoka nyuma. Mkichelewa kuondoka hadi saa 4, mdomo wa mto unakuwa umekauka, mtaondoka saa 6, na mtakapofika fungu linaliwa. Kivuli hakuna hata cha kuweka kichwa cha mtoto, kwa hiyo mnakwenda na turubai na miti yake.

Mdomo wa Mto Pangani una hatari gani?

Maji ya Kikuletwa kutoka upande wa Meru na Arusha, na Ruvu kutoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yakateremka kama Mto Pangani hadi baharini. Udongo wa mashamba ya njiani unafika mdomoni pale. Siku za masika ukiwa kwenye ngalawa unauona mpaka kwa macho: upande mmoja maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande wa pili kijani, na kati yao mstari wa povu na majani makavu kama umechorwa kwa kamba.

Matumbawe yanahitaji mwanga, joto na maji ya chumvi yaliyo safi. Palipo na mto wa udongo hayakui vizuri, na ndiyo maana mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani mara nyingi huwa na pengo mbele ya mdomo wa mto. Pengo hilo ndilo mlango wa vyombo. Lakini udongo huo huo unajenga fungu chini ya maji mdomoni. Maji yanapokupwa, mto hutoka kwa nguvu na kukutana na mawimbi ya bahari yanayoingia. Mawimbi hubanana, yakawa mafupi na yenye kusimama wima. Chombo kidogo hupita pale kwa saa mbili za mwisho za kujaa au maji yakiwa yametulia baada ya kujaa, au mapema kupwa kunapoanza bahari ikiwa shwari. Kusi kali pamoja na maji yanayokupwa kwa kasi: subiri.

Visiwa hivi vilitokeaje, na kwa nini vinatofautiana?

Kwa msafiri kuna aina tatu za kujua.

Ya kwanza ni visiwa vya jiwe la matumbawe: Chumbe (Unguja), Misali (Pemba), Mbudya (Dar es Salaam), Juani (Mafia). Hayo ni matumbawe ya kale yaliyoota bahari ilipokuwa juu zaidi kwa mita kadhaa, miaka kama 125,000 iliyopita, kisha bahari ikashuka ikayaacha nje. Kingo zake zimeliwa chini na mawimbi, jiwe likaning'inia kama mwavuli juu ya maji. Ukikaribia na maji yaliyojaa, chombo kinaweza kusukumwa chini ya ukingo huo kikapondwa. Jiwe lenyewe ni kali kama kisu cha msumeno. Shukia penye ufuko wa mchanga tu.

Ya pili ni mafungu ya mchanga kama Maziwe. Ya tatu ni visiwa vya mikoko, vinavyopatikana ndani ya ghuba zenye matope, kama upande wa Tanga. Huko hatari si mwamba, ni tope. Ukishuka unazama hadi magotini.

Pemba iko peke yake. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika nchi za kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Unguja na Mafia ziliungana na bara. Pemba haikuungana. Mlango wa Pemba una kilindi cha mamia ya mita, wakati mlango wa Unguja ni maji ya makumi ya mita. Ndiyo maana bahari ya kwenda Pemba ni ya buluu iliyoiva na mawimbi yake ni marefu, na safari yake haifai chombo kidogo hata kama nahodha ana moyo.

Wapemba husimulia kwamba jina la Misali linatokana na msala, mkeka wa kuswalia, kwa jinsi kisiwa kilivyoelekea Kibla. Kwao ni mahali pa heshima. Vaa kwa staha na usipeleke pombe.

Msimu upi ni mzuri?

Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi. Ni upepo wa joto, bahari ni safi, na wengi hupata nafasi wakati wa likizo ya Krismasi. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa kali. Katikati ni maleleji, upepo haujaamua, na bahari mara nyingi hulala: Oktoba, Novemba mwanzoni, na siku za Machi kabla ya masika. Kwa familia yenye watoto ambao hawajawahi kuona bahari, Oktoba hadi Novemba na Februari ndiyo tunayoipendekeza.

Katika kusi, toka mapema. Upepo hupanda jua linapopanda, na kufikia saa 5 asubuhi bahari iliyokuwa kimya imeshavaa povu jeupe. Julai si mwezi wa kubishana na nahodha anayesema hapana. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na hiyo ilikuwa meli.

Kuna jambo moja linalowashangaza watu: mkondo mkuu wa bahari mbele ya pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi na mkondo huenda pamoja, hivyo chombo hukimbia kaskazini na kuhangaika kurudi. Kaskazi huvuma dhidi ya mkondo, na nje ya mwamba mawimbi husimama hata upepo ukiwa wa wastani. Bahari yenye upepo ule ule inaweza kuwa laini ndani ya mwamba na mbaya nje yake.

Upande gani wa kisiwa tufikie?

Upande usiopigwa na upepo, yaani demani. Msimu wa kusi ni kaskazini au kaskazini magharibi mwa kisiwa. Msimu wa kaskazi ni kusini au kusini magharibi. Mchanga nao huhama: kusi huusukuma kaskazini, kaskazi huurudisha. Picha ya ufuko uliyoiona ya Januari inaweza kuwa jiwe tupu mwezi Agosti.

Nahodha anajuaje penye mwamba bila chombo cha kupimia?

Anasoma rangi. Buluu nzito ni kilindi. Kijani angavu ni mchanga kwenye mita chache. Kijani kinachoelekea weupe ni maji ya magotini. Hudhurungi au njano chafu ni mwamba ulio karibu na uso wa maji, na hapo hakupitwi. Weusi ndio wenye utata: unaweza kuwa nyasi za bahari, ambazo hazina madhara, au matumbawe. Nyasi zina kingo laini na weusi uliosambaa. Matumbawe yana madoa yaliyokatika katika, na juu yake maji huchezacheza tofauti na pembeni.

Rangi zinasomeka jua likiwa juu na nyuma yako, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Jua likiwa mbele, maji yote ni kioo. Kwa sababu hiyo, ukivuka kwenda mashariki asubuhi unakwenda kama kipofu, na aliyesimama omo, yaani mbele ya chombo, anatakiwa awe mtu anayeijua njia. Wingu likipita, kivuli chake hufanana na mwamba; subiri lisogee. Miwani ya kuzuia mng'ao husaidia sana. Mwanga wa magharibi, jua likichwa, kwetu ni mfupi: jua likizama, nusu saa baadaye ni usiku, kwa hiyo panga kuwa umeshapita mwamba kabla ya saa 11 jioni.

Nanga inatiwa wapi, na kamba ya urefu gani?

Kwenye mchanga. Nanga ikitiwa kwenye matumbawe huvunja kitu kilichojijenga kwa miaka mingi, na pia hunasa, ukalazimika kukata kamba.

Urefu wa kamba unahesabiwa kwa maji yatakayokuwepo, si yaliyopo. Umefika maji yamekupwa, kina ni mita 2. Yatapanda mita 3.4, jumla 5.4. Ongeza kimo cha omo juu ya maji, 0.6, inakuwa 6. Zidisha kwa 5: kamba mita 30, na karibu na nanga mnyororo wa mita 3 hadi 5 ili ilale chini. Anayetoa mita 10 kwa sababu "kina ni mita mbili tu" anakuta maji yakijaa kamba imesimama wima, nanga imeng'oka, na boti inaondoka taratibu huku watu wakila.

Kinyume chake nacho hutokea. Umefika maji yamejaa, kina ni mita 4, unaona panatosha. Yakipwa mita 3.4 unabakiwa na 0.6. Injini nyingi za nyuma zinahitaji kama mita 0.7 ili pangaboi isigonge. Boti inakaa juu ya mwamba, na kila wimbi linainyanyua na kuipiga chini. Hapo tumbo la faiba huchanika.

Simu yangu ina GPS. Si inatosha?

Inatosha kukuambia ulipo, haitoshi kukuambia kilichopo chini yako. Ramani za kawaida za simu hazionyeshi mwamba wala kina, na hata chati za bahari kwa mafungu madogo zinaweza kuwa na vipimo vya zamani wakati mchanga umehama.

Makosa matatu ya kuandika nukta ya mahali, yaani latitudo na longitudo. La kwanza: kuchanganya dakika na desimali. 5°30′ ni 5.5, si 5.30. Ukikosea hapo umepotea kwa maili 12 za baharini, zaidi ya kilomita 22. La pili: kusahau alama ya kutoa kwa kusini ya ikweta, simu itakupeleka upande wa Ethiopia. La tatu ni letu Waswahili: tukifupisha, K ni Kusini au Kaskazini? M ni Mashariki au Magharibi? Andika S (Kusini) na E (Mashariki) kama chati zinavyoandika.

Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Boti ya noti 6 huenda maili 6 kwa saa. Pakua ramani ukiwa bado Moshi au Arusha, weka simu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na beba dira ndogo. Usiisogeze dira karibu na spika, betri wala injini.

Kisiwa kidogo kinaonekana kutoka umbali gani?

Chukua kimo cha jicho kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.08, hizo ni maili za baharini. Fanya hivyo hivyo kwa kimo cha kisiwa, ujumlishe. Jicho la aliyekaa kwenye boti, mita 1.5, ni maili 2.5. Mivinje ya mita 16 inaongeza 8.3, hivyo utaiona kutoka karibu maili 11. Fungu la mita 1 linaongeza 2 tu. Katika hali halisi utaona povu linalovunjika au ndege wanaozunguka kabla hujaona mchanga.

Wapi pa kuogelea, na lini?

Kaa mbali na mlango wa mwamba maji yanapokupwa. Maji yote yaliyomo ndani ya mwamba hutafuta njia moja ya kutokea, na njia ni mlango huo. Juu unaona utulivu kuliko pembeni, na utulivu huo ndio unaodanganya, maana mawimbi hayavunjiki penye kina. Ukibebwa, usipigane nao. Ogelea kwa ubavu, sambamba na mwamba, mpaka mkondo ukuachie, kisha ndipo urudi. Wakati mzuri ni maji yanapoanza kujaa: mkondo unasukuma ndani na maji ya nje ni safi.

Anayejua kuogelea kwenye bwawa la hoteli Arusha bado ni mgeni baharini. Avae jaketi okozi hadi azoee.

Miguuni vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, vya kufunga. Soko la Memorial pale Moshi havikosekani. Ndala hubaki kwenye tope. Tembea kwa kuburuza miguu mchangani ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia, aondoke kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, halafu nenda kituo cha afya.

Tuangalie nini kabla ya kupanda chombo?

Kwanza salamu. Pwani mtu hasalimiwi kwa bei. "Shikamoo nahodha, habari za bahari?" kisha uulize maji yanakupwa saa ngapi leo, tunarudi na maji yapi, na upepo unageuka lini. Nahodha anayejibu hayo bila kusita ni wako. Anayejibu "hakuna shida, saa yoyote" mwache.

Kisha hesabu jaketi okozi moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la mtoto, na mikanda yake ijifunge. Uliza mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Pawe na kafi au upondo, kata ya kutolea maji, nanga yenye kamba ya kutosha, na injini ya akiba au tanga. Chombo kiwe na leseni ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kwa Zanzibar, ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Idadi ya abiria iliyoruhusiwa isizidi hata kwa mmoja. Ngalawa ikijaa kupita kiasi, mrengu mmoja, yaani ubao wa ubavuni, huzama na mwingine huning'inia, na hapo ndipo hupinduka.

Mtu aliyebaki nchi kavu ajue mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Namba ya dharura ni 112. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jana yake jioni na tena alfajiri.

Vimbunga vinafika kwetu?

Mara chache, maana tuko karibu na ikweta. Lakini Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia. Tahadhari ikitolewa, hakuna safari ya kisiwa.

Tunataka kupiga mbizi kwa mtungi halafu kupanda Kilimanjaro. Ratiba iweje?

Mlima kwanza, bahari baadaye. Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini, na inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu kabla haijatoka hujigeuza mapovu kwenye viungo na mishipa, ikaleta maumivu, ganzi, hata kupooza. Kanuni ya kabla ya kupanda ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda juu, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku nyingi.

Wengi husahau kwamba basi nalo linapanda. Kutoka Tanga unaanza usawa wa bahari, Moshi ni zaidi ya mita 800 na Arusha kama mita 1,400. Aliyepiga mbizi mbili Jumamosi mchana asipande basi la usiku huo kurudi Arusha. Alale Tanga na kuondoka Jumapili mchana baada ya saa 24. Kwa geti la mlima aongeze siku nyingine. Anayeogelea juu ya maji kwa miwani na mrija tu hahusiki na masharti haya.